Kapiteni Abele na wenzake 69: aliyepotea majini asipotee na jina

Tarehe 30 Julai 1942, nyambizi ya Marekani iliyoitwa Grunion ilituma ujumbe wa redio kutoka karibu na kisiwa cha Kiska, Alaska, kaskazini mwa bahari ya Pasifiki. Ujumbe ulisema kwamba Wajapani wanazisaka sana nyambizi katika eneo hilo. Wakubwa wa jeshi wakaiamuru irudi kwenye bandari ya Dutch Harbor. Haikurudi. Ndani yake walikuwemo watu 70, na aliyewaongoza alikuwa Mannert Lincoln Abele, ofisa wa jeshi la wanamaji mwenye miaka 39, baba wa watoto watatu wa kiume.

Nyambizi ni meli ya kivita inayokwenda chini ya maji. Ikiangamia kwenye kina kirefu, mara nyingi haiachi kitu juu. Hakuna boti la kuokolea, hakuna mwili unaofika ufukweni, hakuna mtu wa kurudi kueleza. Familia inabaki na neno moja tu: amepotea. Familia ya Abele ilikaa na neno hilo miaka 65, kabla ya kuonyeshwa picha ya chuma kilichokuwa kaburi la baba yao.

Habari hii ni ya mbali na ya zamani, lakini wahami wa Kivu na Ituri hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Kambini na katika familia zilizowapokea wahami, wapo wengi walioachana na ndugu siku ya kukimbia na hawajapata habari zake hadi leo. Ndiyo maana historia ya Grunion inafaa kusimuliwa hapa. Inaonyesha kwamba kumkumbuka aliyepotea vitani si medali wala hotuba. Ni kuandika jina lake pamoja na majina ya wote waliokuwa naye, kisha kuutafuta ukweli mpaka familia ijue alilala wapi.

Abele alizaliwa mji wa Quincy, jimbo la Massachusetts, tarehe 11 Julai 1903. Hakuanza jeshi akiwa mkubwa. Mwaka 1920 alijiandikisha kama baharia wa kawaida, na miaka miwili baadaye ndipo alipopata nafasi katika chuo cha maofisa wa wanamaji. Alihitimu mwaka 1926. Tarehe 11 Aprili 1942 alikabidhiwa Grunion, ikiwa mpya kabisa kutoka kiwanda cha Groton, jimbo la Connecticut.

Kazi ya kwanza kubwa ya Grunion haikuwa ya kuua. Ilipokuwa njiani kuelekea Pasifiki, katika bahari ya Karibi, iliwakuta watu 16 ambao meli yao, Jack, ilikuwa imezamishwa na nyambizi ya Wajerumani. Abele na watu wake waliwatoa majini wakawafikisha Panama. Watu hao 16 walirudi kwao wakiwa hai. Waliowaokoa hawakumaliza hata miezi mitatu.

Tarehe 30 Juni, Grunion iliondoka Pearl Harbor. Mwanzoni mwa mwezi huo Wajapani walikuwa wameviteka visiwa vya Kiska na Attu, na kazi ya Abele ilikuwa kuzuia meli zao. Katikati ya Julai alizamisha boti mbili za Kijapani za kuwinda nyambizi. Kisha ukaja ule ujumbe wa tarehe 30, na baada yake kimya. Tarehe 16 Agosti jeshi liliiandika Grunion kuwa imepotea.

Mke wake, Catherine, aliletewa telegramu. Haikumwambia mume wake alifia wapi, wala kwa sababu gani. Mtoto mdogo, John, alikuwa na miaka 5. Wakubwa zake, Bruce na Brad, walikuwa na umri wa kuelewa kwamba baba hatarudi, lakini si wa kuelewa kwa nini hakuna anayesema amefariki vipi.

Serikali ya Marekani haikumsahau Abele. Ilimpa nishani ya Navy Cross, mojawapo ya nishani kubwa kabisa za wanamaji. Manowari mpya ikapewa jina lake, Mannert L. Abele, ikaanza kazi mwaka 1944. Nayo haikudumu. Tarehe 12 Aprili 1945, karibu na Okinawa, ilipigwa na ndege za Wajapani waliojitoa kufa, ikazama na mabaharia wengi. Hivyo jina la mtu aliyepotea baharini liliandikwa kwenye chuma kingine, nacho kikaenda chini ya bahari.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Heshima bila ukweli ni nusu ya heshima. Nishani inawekwa kabatini, lakini haimjibu mtoto anayeuliza baba alikufa vipi. Vita vilipokwisha, Wamarekani walipekua karatasi za Wajapani, na hawakupata maelezo ya kuzama kwa Grunion. Faili likafungwa na swali ndani yake. Kwa ofisi, hilo lilitosha. Kwa nyumba 70, halikutosha.

Catherine alifanya jambo ambalo ofisi haikulifanya. Aliziandikia barua familia za wale wengine 69. Hakuwa na habari mpya ya kuwapa. Aliwaambia tu kwamba wako pamoja katika kilio kimoja. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu wa kulea, naye angeweza kusema kwamba huzuni yake inamtosha. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana asiyeubeba huona hauna uzito. Yeye alijua uzito wake, kwa sababu wake ulikuwa ule ule.

Alifariki mwaka 1975 bila kupata jibu. Lakini alikuwa ameacha jambo kubwa kuliko alivyojua. Wanawe walilelewa wakijua kwamba baba hakupotea peke yake, na kwamba siku wakimtafuta, watawatafuta wote 70.

Jibu lilitokea mahali ambapo hakuna aliyelitegemea. Mwaka 1998 mwanajeshi mmoja wa Marekani alinunua karatasi ya zamani kwa dola 1. Ilikuwa mchoro wa nyaya za umeme za meli ya mizigo ya Kijapani, Kano Maru. Akaulizia kwenye intaneti kama kuna anayeijua meli hiyo. Aliyemjibu alikuwa Mjapani mpenzi wa historia ya bahari, Yutaka Iwasaki. Iwasaki aliijua meli, na alijua zaidi: ofisa wa kijeshi aliyekuwemo ndani ya Kano Maru aliwahi kuandika, kwa Kijapani, jinsi walivyopigana na nyambizi karibu na Kiska asubuhi ya tarehe 31 Julai 1942.

Habari hiyo ilipowafikia watoto wa Abele mwaka 2002, walikuwa wazee. Hawakusema muda umepita. Walikusanya maandishi ya Kijapani, wakaomba yatafsiriwe, wakapima kwenye ramani. Agosti 2006 waliipeleka meli ya uvuvi yenye chombo kinachopima chini ya bahari kwa mwangwi wa sauti. Kikaonyesha kitu kirefu kwenye mteremko wa mlima wa volkano, upande wa kaskazini wa Kiska. Agosti 2007 walirudi na roboti yenye kamera. Kwenye kina cha karibu mita 1000 ikapiga picha za nyambizi iliyovunjika. Oktoba 2008 jeshi la wanamaji la Marekani likathibitisha: ni Grunion.

Haba na haba hujaza kibaba. Karatasi ya dola 1, makala ya ofisa wa upande wa adui, Mjapani aliyekubali kusaidia, ramani, kamera. Kila kimoja peke yake kilikuwa kidogo. Vilipokutanishwa vilizaa kaburi lenye mahali pake.

Na watoto wa Abele hawakuishia kwa baba yao. Wanawake watatu, ambao nao waliguswa na msiba huo, walijitolea kuwatafuta ndugu wa mabaharia wengine. Walipiga simu, walisoma magazeti ya zamani, waliuliza makanisani na makaburini, mji kwa mji. Walifanikiwa kupata ndugu wa wote 70. Kati ya waliopigiwa simu walikuwemo watoto ambao hawakumwona baba hata siku moja. Oktoba 2008 familia zilikutana mjini Cleveland, kando ya nyambizi Cod iliyo ndugu ya Grunion kwa muundo, wakafanya ibada ya kuwaaga waliokufa miaka 66 iliyopita. Hapakuwa na jeneza. Palikuwa na orodha kamili.

Kuna wanaosema kwamba ukweli wa namna hii unafukua vidonda bure. Mtu amekwisha kufa, kujua kutamrudisha? Hawakosei kusema kwamba kunaumiza. Lakini anayedhani kutojua kunaponya hajakaa na mama anayegeuka kila mlango unapogongwa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyezika hulia, akamaliza matanga, akaanza kuishi tena. Asiyejua hawezi kulia vizuri wala kucheka vizuri. Mjane hajui kama ni mjane. Mtoto hajui kama ni yatima. Hata shamba na nyumba vinabaki bila mwenyewe, kwa sababu hakuna aliye na ujasiri wa kugawa mali ya mtu ambaye huenda yuko hai.

Kuna sababu nyingine ya kutaka ukweli, nayo inawahusu walio hai. Silaha kubwa ya nyambizi ni torpido, bomu linaloogelea lenyewe kuelekea meli ya adui. Torpido za Marekani za mwaka 1942 zilikuwa na kasoro kubwa. Zilipita chini mno, au ziligonga bila kulipuka, na mara nyingine ziligeuka kuirudia meli iliyozirusha. Ofisa wa Kano Maru aliandika jambo linalolingana na hayo: torpido moja iliharibu injini ya meli yake, nyingine zikapita au zikagonga bila kulipuka, ndipo wao wakafyatua mzinga wao. Watoto wa Abele waliposoma hayo na kuziangalia picha, walifikia maoni kwamba moja ya torpido za Grunion yenyewe iliirudia, na kwamba nyambizi ilipokwenda chini usukani wa nyuma ulikuwa umekwama, ikazidi kushuka mpaka uzito wa maji ukaivunja.

Makapiteni wengi walikuwa wamelalamika juu ya torpido hizo. Wakubwa waliohusika na silaha waliwajibu kwamba kosa ni lao, hawajui kulenga. Kasoro hazikumalizwa mpaka mwishoni mwa mwaka 1943. Na hata baadaye, mwaka 1944, nyambizi mbili za Marekani, Tullibee na Tang, zilizamishwa na torpido zao wenyewe zilizogeuka. Marekani ilipoteza nyambizi 52 katika vita hivyo, na zaidi ya watu 3,500 walikufa ndani yake.

Kwa hiyo kuuliza mtu alikufa vipi si kulitukana jeshi, wala si kumkosea heshima shujaa. Ni kumlinda atakayepanda chombo kinachofuata. Mkubwa anayekataza swali hilo kwa kisingizio cha heshima ya jeshi anailinda kofia yake mwenyewe, si wanajeshi wake.

Somo lingine ni gumu zaidi, na inafaa lisemwe polepole. Mlango wa ukweli juu ya Grunion ulifunguliwa na Wajapani. Mmoja alipigana nayo, mwingine alizaliwa katika nchi ya waliopigana nayo. Watoto wa Abele wangeweza kukataa kuisikia sauti hiyo. Waliipokea. Na isisahaulike kwamba boti mbili alizozamisha baba yao nazo zilikuwa na watu, na watu hao walikuwa na wake na watoto waliosubiri. Kumkumbuka wa kwako hakukulazimishi kumfuta wa mwingine.

Katika nchi iliyopigana miaka mingi kama Kongo, neno hilo lina uzito wake. Anayejua mashimo yalipochimbwa, anayejua boti lilipindukia wapi, anayejua vijana waliochukuliwa usiku walipelekwa njia gani, mara nyingi si rafiki wa familia inayotafuta. Yuko upande mwingine. Siku ya mazungumzo ya amani, watu huzungumzia vyeo na mipaka. Familia zina haki ya kudai jambo la tatu mezani: kila upande utoe majina ya waliokufa mikononi mwake na mahali walipo. Hilo si kisasi, na halizuii mahakama kufanya kazi yake.

Atasema mwingine kwamba Grunion ilipatikana kwa sababu mtoto mmoja wa Abele ni tajiri. Ni kweli. John, yule aliyekuwa na miaka 5, alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni kubwa ya vifaa vya hospitali, na familia ndiyo iliyolipa gharama za safari. Kumpata mtu kwenye mita 1000 za maji si kazi ya mfuko wa muhami. Lakini hoja hiyo inaongeza nguvu ya dai, haiipunguzi. Ikiwa hata katika nchi yenye jeshi la wanamaji kubwa kiasi hicho ilibidi watoto wajitafutie baba, basi jukumu hilo haliwezi kuachiwa bahati ya kuwa na mtoto tajiri. Ni kazi ya serikali, kwa sababu serikali ndiyo inayowapeleka watu vitani na ndiyo inayotoa ruhusa ya maboti kuondoka bandarini.

Tena kuna sehemu ya kazi hiyo isiyohitaji utajiri, na ndiyo iliyokuja kwanza: orodha. Miaka 60 baada ya kuzama, hakuna aliyebishana ni watu wangapi walikuwemo ndani ya Grunion, kwa sababu majina yaliandikwa kabla haijaondoka. Sasa zitazamwe Tanganyika na Kivu. Mutambala ilizama katika ziwa Tanganyika Desemba 2014. Merdi ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova, imejaa kupita uwezo wake wakati ambapo vita vilikuwa vimekata barabara. Baada ya Merdi, wakubwa walitoa hesabu za abiria na za waliokufa zisizolingana. Familia zikakaa ufukweni zikihesabu zenyewe. Chombo kilichozama vitani, kwenye kina kirefu cha bahari, kina majina yote 70. Boti lililozama mbele ya macho ya watu, mchana, halina.

Kuandika majina ya abiria kunahitaji kalamu na kaye ya shule. Nakala moja inabaki bandarini, nyingine inakwenda na boti. Kapiteni wa boti asiyekubali kuandika asipewe njia, na mkubwa wa bandari anayemwachia baada ya kupokea noti mfukoni ahesabiwe kuwa mshiriki wa vifo vitakavyofuata. Hakuna mradi wa kusubiri hapo, wala mfadhili.

Familia nazo zina sehemu yao. Anayemtafuta ndugu aandike sasa, kabla wazee hawajasahau: majina yake yote, hata lile la utani, jina la baba na la mama, kijiji, siku na mahali alipoonekana mwisho, alikuwa na nani, alivaa nini, ana alama gani mwilini. Picha, hata iliyochanika, itunzwe mbali na mvua. Shirika la Msalaba Mwekundu lina kazi maalumu ya kuwaunganisha watu waliotenganishwa na vita, na watu wake hupokea maelezo kama hayo bila malipo. Anayedai faranga ili aandike jina la aliyepotea si wa shirika hilo, ni mwizi.

Na aliyeachwa na mzigo huo asikae nao peke yake. Wajane wa boti moja, wazazi wa vijana wa kijiji kimoja, wanaweza kukutana na kuunganisha majina yao kuwa orodha moja, kama Catherine Abele alivyoziunganisha nyumba 69 kwa barua. Mtu mmoja akienda ofisini na jina moja, ataambiwa arudi kesho. Watu 70 wenye karatasi moja si rahisi kuwaambia hivyo.

Abele hakurudi, wala wenzake hawakutolewa baharini. Wako pale pale kando ya Kiska, na familia zao hazikuomba waguswe. Zilitaka kujua tu. Sasa mjukuu anaweza kuweka kidole kwenye ramani na kusema, babu yuko hapa, na hawa ndio waliokuwa naye. Hicho ndicho kila familia ya Kongo inayosubiri inastahili kupewa, nacho kinaanza na jina lililoandikwa kabla boti halijaondoka bandarini.